Bisi ni Maji Kwanza

Ukishuka mwendokasi Msimbazi mida ya saa kumi na mbili jioni, pua inakutangulia kufika. Pembeni ya barabara kuna kijana mwenye mashine ya bisi juu ya toroli: kisanduku cha kioo, taa ya njano, na ndani yake kikaango kidogo kinachoning'inia. Nimesimama hapo mara kadhaa kwa sababu ya kazi yangu, maana shughuli zangu ni za sayansi ya chakula, na mara nyingi zaidi kwa sababu ya njaa. Anamimina mafuta, anatupia punje tatu tu, kisha anaendelea na mambo yake: anapanga vifuko, anahesabu chenji, anabishana na mwenzake habari za Simba. Punje ya tatu ikilia, anamwaga kikombe kizima na kufunika. Hana kipimajoto, na sijawahi kumwona akiunguza.

Siku moja nilimuuliza kwa nini tatu.

"Moja ina kiherehere, bosi. Mbili zinaweza kudanganya. Tatu hazidanganyi."

Wiki hiyohiyo nilikuwa kwa dada yangu, ghorofa ya nne, Mtaa wa Narung'ombe. Binti yake alinunua mfuko wa bisi za maikrowevu, akauweka ndani ya oveni, akabonyeza kitufe chenye picha ya bisi na kurudi kwenye simu yake. Moshi ndio uliotuita jikoni. Mfuko ulikuwa umeungua kama pasi imesahauliwa juu yake, bisi chache zilikuwa nyeusi, na zaidi ya nusu ya punje zilikuwa bado ngumu vilevile.

"Mjomba, hizi ni feki," akasema.

Hazikuwa feki. Ili kuona kosa lilikuwa wapi, inabidi kwanza tuingie ndani ya punje.

Punje ya bisi si sawa na punje ya mahindi ya sembe. Ganda lake ni gumu na limeziba, halipitishi mvuke kirahisi. Ndani kuna wanga mgumu, na ndani ya wanga huo kuna maji kidogo, kama asilimia 13 au 14 ya uzito wa punje. Ukiipasha moto, maji yanataka kugeuka mvuke lakini ganda linakataa kuyafungulia. Wanga unalainika, unakuwa kama uji mzito wenye mvuke ulionaswa ndani yake. Joto likikaribia nyuzi 180 za Selsiasi, shinikizo ndani ya punje linakuwa karibu mara tisa ya lile la hewa tunayovuta. Ukitaka kulinganisha, ni kama mara nne ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo. Hapo ganda linachanika, mvuke unatoka kwa kishindo, na ule uji unafura kuwa povu jeupe linalokauka papo hapo. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Ufaransa, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walizirekodi punje kwa kamera ya kasi kubwa. Walithibitisha kiwango hicho cha nyuzi 180, na wakaonyesha kwamba ule mlio unatokana na mvuke kutoroka, si kuchanika kwa ganda.

Mahindi ya sembe ukiyakaanga yanapata nyufa mapema, mvuke unavuja polepole, na unachopata ni kitu cha kutafuna kwa bidii. Hata punje ya bisi yenyewe, ikikauka kupita kiasi au ganda lake likipata mchubuko, inagoma. Zile punje zinazobaki chini ya bakuli mara nyingi hazikukosa moto. Zilikosa maji, au maji yake yalipata upenyo wa kutoroka kabla ya wakati.

Sasa turudi kwenye oveni ya dada. Maikrowevu na bisi ni ndugu wa tangu zamani. Mwaka 1945 Percy Spencer, fundi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza mitambo ya rada, aligundua kwamba pipi ya chokoleti mfukoni mwake imeyeyuka akiwa karibu na mtambo. Inasimuliwa kwamba kitu alichojaribu baada ya hapo ni punje za bisi, zikaruka. Hata hivyo mfuko wa bisi unaoweza kukaa rafuni bila friji haukuenea madukani Marekani hadi miaka ya 1980. Kilichochelewesha mambo ni hesabu ya maji: mawimbi ya maikrowevu hupasha zaidi maji, na punje moja ina maji kidogo mno. Ukizitawanya punje chache kwenye sahani ya wazi, joto linapotea haraka kuliko linavyoingia.

Suluhisho liliwekwa ndani ya karatasi. Chana mfuko wa bisi za maikrowevu uliokwisha kutumika, uutazame kwa ndani. Upande mmoja utaona kipande cha kijivu chenye ukubwa kama wa kiganja. Hicho ni utando mwembamba mno wa aluminiamu uliopakwa juu ya plastiki na kubandikwa kwenye karatasi. Mawimbi yakiupiga unapata joto kali linalofika nyuzi 200 kwa sekunde chache, na mafuta yaliyoganda hapo yanayeyuka na kuzikaanga punje. Kwa maneno mengine, bisi za maikrowevu nazo zinakaangwa, na ule mfuko ni sufuria ya karatasi ya kutumia mara moja.

Sufuria ina chini na juu. Mpwa wangu aliiweka sufuria yake kichwa chini. Maandishi ya kueleza upande upi uwe juu yalikuwepo, kwa Kiingereza na kwa herufi za sisimizi. Kile kipande cha kijivu kikabaki juu hewani kinajiunguza chenyewe pamoja na bisi chache zilizokigusa, na punje zikalala upande wa pili zikisubiri moto usiokuja. Juu ya hapo, oveni ya dada ni ile ndogo ya lita 20 na wati 700, iliyojaa kwenye maduka yetu, wakati maelekezo ya mfuko yaliandikwa kwa oveni ya wati 1,000 na kuendelea. Kile kitufe chenye picha ya bisi, nacho, ni saa tu. Hakisikii chochote. Muuza bisi wa Msimbazi anasikia, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao. Ukitumia mfuko, simama hapohapo, na mlio mmoja ukipishana na mwingine kwa sekunde mbili, zima.

Kuna habari mbili za kiafya zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kuhusu mifuko hii. Zote zina ukweli ndani yake, ila zimetiwa chumvi kuliko bisi zenyewe.

Ya kwanza ni ya mapafu. Mwaka 2000 huko Jasper, jimbo la Missouri, iligundulika kwamba watu waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi za maikrowevu walikuwa wameharibika njia za hewa kwa namna isiyoponyeka. Aliyeshukiwa ni dayasetili, kemikali inayotoa harufu ya siagi. Kufikia 2007 kampuni kubwa za Marekani zilitangaza kuiondoa kwenye bidhaa zao. Lakini wale walikuwa wafanyakazi waliovuta mvuke wa mapipa ya kionjo siku nzima, mwezi baada ya mwezi, na anayekula mfuko mmoja Jumamosi hayuko kwenye kundi hilo. Ya pili ni ya karatasi yenyewe: ili mafuta yasipenye, mifuko mingi ilipakwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo mwili na mazingira vinachukua muda mrefu sana kuziondoa. Denmark ilizipiga marufuku kwenye karatasi za kufungia chakula mwaka 2020, na Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba haziuzwi tena huko kwa kazi hiyo. Mifuko inayofika kwetu inatoka nchi mbalimbali na kibandiko hakisemi karatasi imepakwa nini. Mimi sikimbii chumba mtu akifungua mfuko, ila siuweki kwenye orodha ya manunuzi ya kila wiki. Hatari ya hakika zaidi ni ya papo hapo: mvuke unaotoka mfuko ukifunguliwa unaunguza. Elekeza mdomo wa mfuko mbali na uso, hasa uso wa mtoto anayechungulia.

Kuhusu mafuta, hapa nitawaudhi wenzangu wa sufuria. Tunapenda kusema bisi za mfuko zina mafuta mengi. Soma kibandiko: mara nyingi ni kama robo ya uzito. Sasa pima unachofanya mwenyewe, gramu 80 za punje na vijiko viwili vya chakula vya mafuta. Ni robo ileile. Unachokipata nyumbani ni uhuru wa kuchagua mafuta gani, na chumvi kiasi gani.

Bei ndiyo inayomaliza ubishi. Mfuko mmoja una gramu 85 hadi 100, kwa hiyo kilo moja ya mahindi ya bisi unayopimiwa Kariakoo ni sawa na mifuko kumi au zaidi. Nenda dukani, zidisha bei ya mfuko mmoja kwa kumi, halafu uliza bei ya kilo. Umeme si hoja: dakika nne za oveni ya wati 700 hazifiki hata sehemu ya kumi ya uniti ya LUKU. Unacholipia ni karatasi, harufu, na kutoosha sufuria. Kwa mwanafunzi wa hosteli asiyeruhusiwa kuwasha jiko, huenda inastahili. Kwa nyumba yenye watoto watano na mtungi wa gesi, hapana.

Namna ya sufuria ni hii. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko, maana ya bati jepesi inaunguza katikati pembeni kukiwa baridi. Tia vijiko viwili vya mafuta ya alizeti au ya nazi na punje tatu, kama yule kijana. Zikilia zote, mwaga punje zilizobaki, nusu kikombe kisichojaa, funika, kisha ipua kwa nusu dakika. Watu wengi hawafanyi hivi, na ndipo siri ilipo: punje zote zinapata joto linalolingana, ukirudisha motoni zinaruka karibu pamoja na za kwanza haziungui zikizisubiri za mwisho. Acha upenyo mdogo kwenye mfuniko ili mvuke utoke, la sivyo bisi zinakuwa kama sponji. Tikisa. Kwenye jiko la mkaa fanya vilevile, ila punguza makaa kwanza, maana mkaa hauna kitufe cha kuteremsha moto.

Usikaangie siagi. Ina chembe za maziwa zinazoungua kabla bisi hazijaanza kuruka. Iyeyushe pembeni, umwagie mwishoni. Majarini yana maji, yatazilegeza bisi zako. Samli inafaa kote kuwili. Chumvi itwange hadi iwe kama unga ndipo ishike, kwani ile ya mawe inaishia chini ya bakuli pamoja na punje zilizogoma.

Dada sasa ameachana na mifuko lakini hakuachana na oveni. Anatia robo kikombe ya punje na kijiko kidogo cha mafuta kwenye bakuli kubwa la kioo linalovumilia moto, anafunika kwa sahani, na anasimama pale akisikiliza. Bakuli linashika joto, kwa hiyo punje zinafika nyuzi zake bila ile karatasi ya kijivu. Zinabaki zilizogoma nyingi kidogo kuliko za sufuria, na bakuli linatoka la moto kweli, lakini vyombo vya kuosha ni bakuli na sahani tu.

Tunamaliza pale tulipoanzia, kwenye maji. Argentina ndiyo muuzaji mkubwa wa mahindi ya bisi duniani, na punje zinaweza kusafiri bahari nzima zikiwa salama, kisha zikaharibikia kwenye gunia lililoachwa wazi mlangoni mwa duka, mchana jua, usiku unyevu. Ukinunua, ingiza mkono ndani ya gunia, usichukue za juu. Tazama kama ganda linang'aa na halina nyufa. Nusa. Ukiona ukungu au kusikia harufu ya uvundo, ondoka, hata bei iwe nzuri namna gani. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu hiyo haimalizwi na moto wa jikoni. Nyumbani weka punje kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, si friji, kwani friji inazikausha.

Na zikigoma nyingi, usizitupe. Chukua chupa ya lita moja, ijaze punje hadi robo tatu, tia kijiko kimoja cha chakula cha maji, kaza kifuniko. Tikisa kila baada ya dakika chache mpaka maji yote yanyonywe, kisha iache kabatini siku mbili au tatu. Halafu hesabu punje mia, kaanga, uone zimebaki ngapi.