JINZI YAKO IMEPAUSHWA NA VIJIDUDU!

Dada zangu wa Kasulu na kaka zangu wa Kibondo mnaogombania jinzi za kupauka kwenye mitumba, leo nina habari yenu. Mnadhani ile rangi imepauka kwa kuvaliwa na Mzungu? Thubutu! Zamani viwanda vilizifua na mawe ya volkano mpaka zichakae. Baadaye vikagundua njia rahisi: vimeng'enya, yaani vitu vinavyotengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Na vijidudu vingine ni majirani zetu kabisa. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, nchini Kenya. Maji yale ni makali kama sabuni, mkono unateleza, lakini bakteria wa humo wanastarehe kama wako harusini. Sasa kiumbe aliyezoea magadi, kimeng'enya chake hakiharibiki ovyo kwenye sabuni. Kampuni ya Genencor ya Marekani ikanusa pesa, ikatengeneza dawa ya kupausha jinzi.

Mwaka 2004 shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, likaja juu. Likadai vijidudu vimetoka bila idhini yake na Wakenya hawakuambulia kitu. Kampuni nayo ikajitetea. Mwaka 2007 KWS ikaingia mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, safari hii mgawo ukiwemo. Hapo mimi nawapa tano!

Je, sisi wa Kigoma? Msinicheke, tunavyo! Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na ukishuka kupita mita 200 hakuna hewa ya oksijeni. Samaki hathubutu, vijidudu vinaishi. Mwaka 2015 watafiti walichota maji huku kwetu mpaka kina cha mita 1,200 kuvichunguza.

Halafu kuna Uvinza. Chemchemi zake za chumvi zimechemshwa na watu kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi hiyo Waha tumeila tangu enzi za mababu. Kwingineko duniani, maji ya chumvi kali yamekutwa na vijidudu vyake vya pekee. Kwa hiyo ukimwona mgeni na vichupa vyake pale Mto Ruchugi, mkaribishe chai, kisha mwulize kibali kiko wapi na mkataba unasemaje.