Singida United na fainali ya Arusha

Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam Sports ya msimu wa 2017/18 ilichezwa Juni 2, 2018 kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mtibwa Sugar iliifunga Singida United mabao 3-2. Tangu kombe hilo lifufuliwe msimu wa 2015/16, hiyo ilikuwa fainali ya kwanza isiyo na timu ya Dar es Salaam: mwaka 2016 Yanga ilicheza na Azam, na 2017 Simba iliifunga Mbao ya Mwanza mjini Dodoma.

Singida United ilikuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, lakini haikuingia kinyonge. Ilimchukua kocha Hans van der Pluijm, aliyewahi kuipa Yanga ubingwa, ikasajili wachezaji kutoka Zimbabwe na Rwanda, ikapata na udhamini wa SportPesa. Uwanja wake, Namfua, ulikuwa bado kwenye ukarabati, hivyo mechi za mwanzo za nyumbani ilizichezea Jamhuri, Dodoma. Kwa shabiki wa Kintinku, wilayani Manyoni, uwanja huo wa ugenini ulikuwa karibu kuliko wa mkoani kwake. Namfua ulipoanza kutumika Novemba 2017, kwa sare ya bila kufungana na Yanga, safari iligeukia upande wa pili: kupanda kutoka Bonde la Ufa hadi Manyoni, kupita Ikungi, ndipo Singida mjini.

Katika ligi timu hiyo ilimaliza ya tano, nafasi nzuri sana kwa timu iliyotoka kupanda daraja. Mtibwa ilifuata katika nafasi ya sita. Hata hivyo, ligi hupima uvumilivu wa miezi mingi, na huko Simba ndiyo iliyotwaa ubingwa. Kombe la mtoano halina huruma: ukiteleza siku moja, umetoka. Simba hiyohiyo, iliyokuwa ikilitetea kombe, ilitolewa mapema kwa penalti na Green Warriors, timu ya daraja la chini.

Robo fainali ndiyo iliyoonyesha ubavu wa wana Singida. Aprili 1, siku ya Pasaka, Yanga ilifika Namfua na kutangulia kufunga. Singida ilisawazisha, dakika 90 zikaisha 1-1, na kwenye penalti wenyeji wakashinda 4-2. Mtibwa nayo ilipita kwenye tundu la sindano ugenini Chamazi, ikiitoa Azam kwa penalti 9-8. Katika nusu fainali, Singida iliitoa JKT Tanzania, na Mtibwa ikaifunga Stand United mjini Shinyanga.

Mtibwa ni timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, Morogoro, bingwa wa ligi mwaka 1999 na 2000. Kocha wake, Zuberi Katwila, aliwahi kuichezea. Ilikuwa timu iliyozoeana, na jijini Arusha hilo lilionekana mapema. Salum Kihimbwa alifunga la kwanza, na Issa Rashid, maarufu kama Baba Ubaya, akaongeza la pili. Salum Chuku alirudisha moja kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili Mzimbabwe Tafadzwa Kutinyu akasawazisha. Kutoka nyuma mabao mawili hadi 2-2 katika fainali ni kazi ya timu yenye moyo, na Singida ilistahili kuheshimiwa kwa hilo. Lakini dakika za lala salama Ismail Mhesa aliipa Mtibwa bao la tatu, na muda wa kujibu haukuwepo tena.

Ushindi huo uliipeleka Mtibwa Kombe la Shirikisho Afrika, ambako iliitoa Northern Dynamo ya Shelisheli kabla ya kutolewa na KCCA ya Uganda. Singida United ilibomoka haraka. Pluijm na Kutinyu walihamia Azam, na mwaka 2020 timu ikashuka daraja. Namfua sasa unaitwa Liti, jina la shujaa wa kike wa Wanyaturu aliyepambana na Wajerumani, na timu nyingine, Singida Black Stars, imewahi kuutumia. Juni 2025 timu hiyo nayo ilifika fainali ya kombe lilelile, ikafungwa 2-0 na Yanga visiwani Zanzibar.