Jicho Lililopigwa Leza Halitaki Haraka

Jua likichwa huko Rubona, kusini ya mji wa Gisenyi, mitumbwi ya wavuvi hutoka mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti, ikaelekea katikati ya Ziwa Kivu kutafuta isambaza kwa mwanga wa taa. Kando ya ziwa, si mbali na kiwanda cha bia, zipo chemchemi za maji moto, amashyuza, ambamo watu huja kukanda viungo vyao. Ni mahali pazuri pa kumalizia likizo. Lakini kwa askari aliyetoka kupasuliwa macho kwa leza, karibu kila kizuri cha hapo chafaa kuangaliwa kwa mbali kwa majuma kadhaa.

Upasuaji huo, ambao siku hizi hufanywa katika miji mikubwa kama Nairobi, hurekebisha umbo la konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Unene wake ni kama nusu milimita tu. Leza huondoa tabaka jembamba mno ili mwanga uanguke sawasawa nyuma ya jicho, na aliyekuwa mtumwa wa miwani aone bila miwani. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mgonjwa hutoka kwa miguu yake mwenyewe. Hapo ndipo anapodanganyika: haoni mshono wala bendeji kubwa, basi hudhani amekwisha pona.

Njia zinazojulikana zaidi ni mbili. Katika ile iitwayo LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, akakifunua, akapitisha leza chini yake, kisha akakirudisha. Mara nyingi mgonjwa huona vizuri kesho yake. Katika PRK hakuna kifuniko. Utando wa juu wa konea huondolewa, nao huota upya kwa muda wa siku nne au tano hivi chini ya lensi laini inayowekwa kuukinga. Njia hii huuma zaidi, na kuona hukamilika polepole, pengine baada ya miezi. Hata hivyo askari asiidharau. Kifuniko cha LASIK hakirudii kamwe nguvu ya konea nzima. Ngumi, tawi la mti au kitako cha bunduki chaweza kukisogeza hata baada ya miaka. Ndiyo sababu PRK imependelewa kwa wapiganaji katika jeshi la Marekani. Mcheza ndondi hana budi kumweleza daktari kabla ya kupasuliwa, si baadaye.

Hatari inayosahauliwa upesi ni maji. Ziwa laweza kuonekana safi kama kioo, na bado likawa na vijidudu. Miongoni mwao yumo ameba aishiye katika maji ya asili, ambaye akiingia katika konea yenye jeraha huweza kuacha kovu na kuharibu uwezo wa kuona. Kwa kawaida madaktari hukataza kuogelea kwa majuma mawili au zaidi, na katazo hilo lahusu chemchemi za moto pia. Jamaa wakimsihi mgonjwa kwamba amashyuza huponya kila kitu, basi na atie miguu tu. Usoni apanguse kwa kitambaa safi chenye maji, bila kugusa macho.

Mama wa nyumbani ana kazi yake katika jambo hili. Moshi wa makaa na vumbi la ufagio vikae mbali na mgonjwa. Mtoto mchanga asilazwe kifuani pake, kwani vidole vidogo huenda moja kwa moja machoni. Usiku mgonjwa avae kinga aliyopewa, maana mtu husugua jicho akiwa usingizini bila kujua. Maziwa ya mama au maji ya majani yasitiwe jichoni hata kidogo, hata kama bibi wa jirani aliponeshwa nayo zamani.

Dawa ya matone hutiwa baada ya kunawa mikono, na ncha ya chupa isiguse kope. Zikiwa dawa mbili, ni vema kungoja dakika tano katikati. Matone ya steroidi yasikatizwe kwa sababu jicho halina wekundu tena, wala yasiendelezwe bila idhini ya daktari. Yakitumiwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho.

Kuhusu kazi, wengi huona duara za mwanga kuzunguka taa za usiku kwa majuma au miezi. Dereva na mlinzi wa lindo la usiku wamweleze mkuu wao, wapangiwe zamu za mchana kwanza. Mchana nao una miwani yake ya jua, hasa kwa aliyefanyiwa PRK, kwa kuwa mwanga mkali unaweza kuchangia ukungu katika konea, na maji ya Kivu huurudisha mwanga huo usoni.

Ukaguzi wa kwanza huwa kesho yake, kwa hiyo mgonjwa asipande basi la kurudi nyumbani siku ile ile. Akiwa Rubona, maumivu yakizidi badala ya kupungua, usaha ukitoka, au kuona kukififia ghafula, asingoje asubuhi: aende hospitali ya Gisenyi, akichukua chupa zake za dawa na karatasi inayoonyesha njia iliyotumika na tarehe ya upasuaji.