Uzi wa saluni, sweta za kaunjika: hesabu ya mfumaji wa Dzaleka

Anayetafuta uzi wa bei nafuu Lilongwe aanze na maduka ya vifaa vya saluni. Humo, kando ya rasta na mafuta ya nywele, kuna madonge ya uzi wa akriliki ambao wasusi huusukia nywele, na uzi huohuo hufumiwa kofia ya mtoto. Ni laini na una rangi nyingi. Kasoro yake ni kwamba haukusokotwa sana, hivyo sindano ya kroshe huuchana katikati, na karibu na moto huyeyuka. Haufai kabisa kwa vishikio vya sufuria.

Kwa wafumaji wa Dzaleka, kuchagua uzi ni suala la mtaji. Kambi hiyo ya wakimbizi iko wilaya ya Dowa nchini Malawi, kilomita 40 hivi kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na ingawa ilipangwa kwa watu wasiozidi 14,000, sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kina mama wengi walifika na ufundi wao: vitambaa vya kochi na vya meza, kudarizi, kusuka vikapu. Ufundi hawaununui. Uzi wanaununua kila mara, na bei yake inafuata dola.

Mei 2022 Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25, na Novemba 2023 ikaishusha tena kwa asilimia 44. Mara hiyo ya pili dola ilipanda kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700. Akriliki huagizwa kutoka nje, lakini mnunuzi wa kofia analipwa kwa kwacha, na kipato chake hakikupanda kwa kasi hiyo. Juu ya hayo, mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Nauli ya Lilongwe kwa madonge mawili inakula faida yote. Ndiyo maana kununua kwa kuchanga kuna maana kubwa hapa kuliko kwa mfumaji wa mjini: mmoja anatumwa, analeta pakiti nzima, na rangi zinatoka katika mchovyo mmoja. Madonge mekundu yaliyonunuliwa kwa nyakati mbili mara nyingi hayalingani, na tofauti huonekana waziwazi katikati ya sweta.

Ghala jingine ni kaunjika, yaani mitumba ya Malawi. Sweta moja nene ya mwanaume inatoa kofia kadhaa za watoto, ila si kila sweta hufumuka. Mnunuzi mzoefu huigeuza ndani nje na kukagua mishono ya ubavuni kabla hajauliza bei. Ikiwa vipande vilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa mshono wa mnyororo, ukikata uzi mmoja mshono wote unaachia, kisha mwili unafumuka mstari kwa mstari. Ikiwa kingo zilikatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, kila mstari umeshakatika, aiache. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama tambi. Huzungushwa mgongoni mwa kiti, hufungwa sehemu nne, huoshwa, kisha hutundikwa na kitu kizito chini hadi unyooke. Kipande kidogo kikichomwa hueleza asili yake: sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu, akriliki huganda kuwa punje ngumu.

Fulana za pamba ni rahisi zaidi. Iliyofumwa bila mshono wa ubavuni hukatwa kwa mzunguko, kutoka pindo hadi kwapani, ikawa utepe mmoja mrefu. Ukivutwa, kingo hujikunja na kuwa uzi mnene. Uzi huo haufai sweta. Unafaa mikeka ya mlangoni, vikapu na makrame, ufundi wa mafundo usiohitaji sindano yoyote. Wanasesere wa kroshe nao hutumia masalia ya uzi, na matumbo yao hujazwa vipande vya vitenge. Hapa mfumaji anayetaka kujaribu ufundi mpya hufanya vema kuangalia kwanza malighafi aliyonayo, kisha mtindo anaoupenda.

Wanunuzi wapo. Kibébé, biashara ya kijamii iliyoanzishwa Dzaleka, hushirikisha wakimbizi na wenyeji kutengeneza wanasesere, vichezeo na vikapu, na imeonyesha kwamba bidhaa iliyomalizwa vizuri huuzwa hata nje ya Malawi. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na msanii Menes La Plume, huleta maelfu ya wageni ndani ya kambi yenyewe, na siku hizo muuzaji hahitaji nauli wala kibali. Sweta na kofia husubiri baridi ya Juni na Julai. Kwa hiyo sweta za kufumua zinunuliwe miezi ya joto, wakati wanaozigombania ni wachache, na vikapu na wanasesere vitangulie kutengenezwa kwa ajili ya tamasha.