Gari la Polisi Lisilotaka Kuonekana

Kwenye barabara kuu za Uingereza, BMW ya kijivu inayokufuata nyuma kwa adabu huenda ni ya mhasibu anayerudi nyumbani, na huenda ni ya polisi. Namba zake ni za kawaida, milango haina maandishi, paa ni tupu. Mara taa za buluu zinawaka nyuma ya wavu wa rejeta, taa kubwa zinapepesa kwa zamu, king'ora kinalia. Gari lililokuwa linakwepa macho yako sasa linadai ulione kabla ya mengine yote. Linadai hivyo likiwa na vifaa dhaifu kuliko vya gari la polisi la kawaida, na udhaifu huo umetokana na kule kujificha kwenyewe.

Gari la kawaida la polisi nchini humo lina miraba ya njano na buluu inayorudisha mwanga. Mtindo huo, uitwao Battenburg, ulibuniwa na wataalamu wa polisi miaka ya 1990 ili gari lionekane kutoka mita 500. Juu ya paa kuna mstari wa taa unaochungulia juu ya magari mengine. Gari la polisi la kiraia, yaani lisilo na alama, limevuliwa yote hayo. Taa zake zimefichwa usawa wa bampa na kwenye kioo cha nyuma. Katika foleni, dereva aliye mbele yake ataziona kwenye kioo chake, lakini wa gari la tatu haambulii kitu. Anayetokea ubavuni kwenye makutano ndiye mwenye bahati mbaya zaidi, kwa sababu taa nyingi zimeelekezwa mbele na nyuma.

Saa nazo huchangia. Giza linapoingia, jicho huhamia kwenye seli zisizotambua rangi, ambazo hunasa zaidi mwanga wa buluu na kijani kuliko mwekundu. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, aliligundua jambo hilo karne ya 19 kwa kutazama maua: mekundu yalififia na kuwa karibu meusi huku ya buluu yakibaki angavu. Ndiyo maana taa ya buluu ina nguvu kubwa usiku. Saa saba mchana, jua likiwa kali, taa ileile ndogo nyuma ya wavu ni kama haipo.

Basi tutegemee king'ora? Tupige hesabu kidogo. King'ora cha gari hutoa kama desibeli 120 ukiwa umbali wa mita 3. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6. Kwa hiyo mita 48 mbele zimebaki 96. Bodi ya gari lako na vioo vilivyofungwa huondoa nyingine 30 hivi, na masikioni mwako zinafika 66, sawasawa na mngurumo wa matairi na injini kwenye mwendo wa barabara kuu. Ongeza kiyoyozi na redio. Gari linalokimbia kilomita 100 kwa saa humaliza mita 48 hizo kwa sekunde chini ya 2, na zaidi ya sekunde moja huishia katika kushtuka tu.

Hata ukisikia, hujui kinatoka wapi. Ubongo hutambua upande wa sauti kwa njia mbili. Kwa sauti nzito, hupima tofauti ya muda kati ya sikio moja na lingine, ambayo haizidi sana nusu ya elfu moja ya sekunde. Kwa sauti nyembamba, hutumia kivuli cha kichwa: sikio la upande wa pili hupata sauti hafifu zaidi. Katikati, kuanzia kama hezi 1000 hadi 3000, njia zote mbili hulegea, na humo ndimo ving'ora vingi hulia. Majengo yakirudisha mwangwi, dereva hugeuza shingo huku na huku na mwisho hukanyaga breki katikati ya njia. Miaka ya 1990 Deborah Withington wa Chuo Kikuu cha Leeds alipendekeza king'ora kichanganywe na mlipuko wa sauti ya “shhh”, yenye masafa mengi kwa pamoja, ili ubongo upate pa kushika. Binafsi nashangaa kwamba wazo hilo halijaenea kila mahali.

Kuna tatizo jingine ambalo fizikia haigusi: utajuaje kama ni polisi kweli? Taa za buluu yeyote hununua. Dar es Salaam trafiki huwakamata watu binafsi waliofunga vimulimuli na ving'ora ili wakwepe foleni, na Nairobi Subaru isiyo na alama inaogopwa, maana wanaoshuka humo mara nyingi hawana sare. Uingereza ilifunga mlango huo kwa kifungu cha 163 cha Sheria ya Trafiki Barabarani ya 1988: gari linaweza kuwa la kiraia, ila anayekuamuru usimame sharti awe amevaa sare.

Dereva wa polisi naye ana mipaka yake. Taa nyekundu kwake ni ruhusa ya kupita iwapo njia ni salama, na ajali ikitokea anaweza kushtakiwa. Akikaribia makutano hubadili mlio, kutoka ule mrefu wa kupanda na kushuka hadi ule wa haraka, kwa kuwa sikio huzoea mlio mmoja upesi. Kwa maoni yangu, aliye kwenye gari la kiraia apunguze mwendo zaidi ya mwenzake mwenye miraba, hasa kama yeye ni wa pili katika msafara. Ving'ora viwili hufunikana; watu husikia kimoja, hupisha gari la kwanza lenye taa juu ya paa, kisha huingia barabarani, wakati la pili bado linakuja.