HIVI MSAADA WA SERIKALI NI UPI, NA UPI SI MSAADA?

Leo naomba tuongee kitu ambacho kila mtu anakitaja, lakini tukibanana kidogo tunaanza kugombana: msaada wa serikali. Juzi kijiweni jamaa mmoja kasema serikali imemsomesha chuo. Mwingine akamrukia, imekusomesha wapi wakati kila mwezi unakatwa mshahara? Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Nikasema hii ngoja niiandike, maana mimi mwenyewe nimelelewa na hizi hela.

Nianze na nyumbani. Nimekulia kwa bibi, mimi na binamu yangu. Mwaka 2015 kijiji chetu kiliingia kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule wa TASAF. TASAF yenyewe ipo tangu 2000, ila zamani tuliijua zaidi kwa madarasa, zahanati na visima. Habari ya kugawa hela kwa kaya nchi nzima ilikuja na awamu ya tatu, iliyozinduliwa 2012. Utaratibu ni kwamba mkutano wa kijiji unaitishwa, wananchi wenyewe wanataja nani hali yake mbaya, halafu wanakuja vijana na dodoso: nyumba yako ya nini, mnakula mara ngapi kwa siku, una mifugo mingapi. Majina yanachujwa, kisha yanarudi mkutanoni kusomwa. Bibi akasomwa. Kuna waliopiga vigelegele na kuna walionuna, kijiji ni kijiji.

Malipo yalikuwa kila baada ya miezi miwili. Hesabu naikumbuka kwa sababu bibi hajui kusoma, mimi ndiye nilikuwa mhasibu wake. Kaya ilipewa 10,000/= kwa mwezi, nyongeza ya 4,000/= kwa kuwa na watoto, na 2,000/= kwa kila mtoto aliyeko shule ya msingi. Sisi tulikuwa wawili. Hiyo ni 18,000/= kwa mwezi, yaani 36,000/= kila malipo. Usicheke. Mara ya kwanza ilitoa madaftari, sare moja, mafuta ya taa, na kuku majike wawili ambao bibi aliwapa majina.

Sasa ile ya shule ilikuwa na masharti. Mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, mwalimu anajaza fomu, fomu inakwenda juu. Na mimi, wadau, nilikuwa darasa la sita na mtoro wa kutupwa. Asubuhi naaga naenda shule, naishia ziwani kuvuta nyavu za watu nipewe dagaa. Malipo yaliyofuata bibi akapewa 32,000/=. Hakunichapa. Alitandika mkeka, akaniambia hesabu. Nikahesabu. Akaniambia hesabu tena. Nikahesabu tena, bado ikawa 32,000/=. Akazikunja akazifunga kwenye kanga. Nilirudi shule kesho yake.

Ndo maana nauliza: hiyo ni msaada? Kitu ambacho ukikosea kinakatwa, kina fomu, kina masharti kwa pande zote mbili, mimi nakiita makubaliano. Wewe peleka mtoto shule na kliniki, serikali ilipe. Lakini bibi hakuwahi kuliona hivyo. Kwake ilikuwa "hela ya Rais". Alipobadilika Rais, ikabadilika jina tu. Na hapo ndipo palipoleta tabu. Siku ya malipo, kiongozi mmoja wa kijiji (jina naliacha) alikuwa anakaa pembeni ya meza na daftari lake. Ukishapokea, unapita kwake unaacha 2,000/=, ati mchango wa choo cha shule. Risiti hakuna. Nilimuuliza bibi kwa nini anatoa. Akanijibu, "Mjukuu wangu, hela ya kupewa huihoji, usije ukaonekana mkorofi wakakufuta." Wamama wote kwenye foleni walikuwa na jibu hilohilo.

Kwa hiyo hili neno msaada lina kazi yake mbaya. Mtu akishaamini amehurumiwa, ananyamaza.

Hebu tuangalie hela inatoka wapi. Sehemu kubwa ya zile za TASAF ni mkopo wa Benki ya Dunia, ule wa masharti nafuu, ambao Tanzania inaulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Unalipwa na nini? Kodi. Na kodi haitoki kwa wenye suti tu. Bibi akinunua kipande cha sabuni au vocha ya simu, ndani yake kuna VAT ya asilimia 18. Mkononi anapokea kama mgeni, dukani analipa kama mwenyeji. Hii watu hawaielewi kabisa!

Sasa turudi kwa yule jamaa wa chuo. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi 2005. Jina lake linasema wazi: MIKOPO. Lakini mwanafunzi akiona "boom" limeingia anasahau, anaona kama kaokota. Sheria ilivyobadilishwa 2016, makato kwa walioajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 mpaka 15 ya mshahara wa msingi, watu wakalia kweli kweli. Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya deni, yaani unalipa na deni linakua. Hiyo ilifutwa 2021, pamoja na ile adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa kuanza kulipa. Kwa hiyo pale kijiweni wote wawili walikuwa na haki nusu nusu. Msaada upo kwenye kukopeshwa bila dhamana ya nyumba wala shamba, wakati benki ingekufukuza getini. Hela yenyewe ni deni.

Ile asilimia 10 ya halmashauri je? Hapa vijana wengi tunajichanganya. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Zamani ilikuwa kama hiari ya mkurugenzi, lakini tangu 2018 ipo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na haina riba. Mkopo tena, siyo ruzuku! Sisi tulijikusanya watano mwaka 2022 tukitaka kufuga kuku wa nyama. Tukaandika katiba ya kikundi, tukafungua akaunti, tukatengeneza andiko. Muhtasari wa kututambulisha ulitutoka 5,000/= bila risiti, nikamkumbuka bibi. Tukaambiwa njoo kesho, njoo wiki ijayo, afisa yupo semina. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu upangwe upya, kwa sababu ukaguzi ulikuwa umeonyesha mabilioni hayarudi na vikundi vingine havionekani. Ilipofunguliwa tena 2024, wenzangu wawili walishaenda machimboni na mmoja kaolewa. Kikundi kikafa na katiba yake nzuri.

Lakini nisiwe mnafiki. Wale waliochukua wakagawana wakasema "hela ya serikali, nani atatudai" ndio waliotuharibia. Nao walidhani ni msaada.

Kuna vitu vingine vinaitwa bure. Kuanzia 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Serikali inapeleka shuleni fungu la 10,000/= kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000/= wa sekondari kwa mwaka. Mimi nimemaliza form four kwa utaratibu huo, nashukuru, bibi asingeweza ada. Ila sare, daftari, nauli na chakula vilibaki vya bibi. Vivyo hivyo matibabu ya mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo: kumuona daktari bure, halafu dirishani unaambiwa dawa hii hatuna, kanunue duka la nje. Kwa mwenye 36,000/= za miezi miwili, hiyo bure ina bei yake.

Na mbolea ya ruzuku ya msimu wa 2022/23, ambapo mfuko wa kilo 50 wa DAP ulishushwa mpaka 70,000/= hivi: ulilipa, serikali ikajazia. Tatizo la wengi halikuwa bei, lilikuwa wakala yuko mbali na foleni haisogei.

Ukitaka kuona kitu kisicho na mjadala, angalia Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 anapata pensheni jamii, ilianza na 20,000/= kwa mwezi na baadaye ikapandishwa mpaka 50,000/=. Hakuna kuuliza kuku wangapi. Umri umefika, umeingia. Mzee wa hivyo hana sababu ya kumuogopa mtu wa daftari, kwa sababu hakuna anayeweza kusimama mkutanoni kusema huyu siyo maskini.

Kwetu bara bado ni dodoso. Kwa hiyo ndugu yangu, ukiwa na mama au bibi kwenye mpango wowote, nenda naye siku ya malipo. Muulize anayelipa mbele yake: hii ni haki yake kwa kigezo gani, inarudishwa au hairudishwi, na makato haya yameandikwa wapi? Ukiombwa mchango, omba risiti, kwa upole tu. Niliwahi kufanya hivyo, nikiwa kidato cha pili. Yule wa daftari akasema risiti zimeisha, bibi akapita na hela yake yote, na hakufutwa.

Uhakiki wa kuingia kipindi cha pili ulipofika kijijini, kijana wa dodoso akakaa kwenye kigoda, bibi akamuanza yeye: "Mwanangu, hii ni ya mkopo au ya kupewa?" Kijana akacheka, akasema, "Bibi, wewe niambie tu una kuku wangapi." Bibi akamtajia kwa majina. Walikuwa saba.