Bomba la moshi kutoka vyuma vikuukuu

Wamama wapenzi, na ninyi wababa mnaosoma gazeti letu kwa siri, juma hili tunaacha kidogo habari za sombe na sabuni. Tunazungumza juu ya chuma, kwa sababu watoto wetu wanapanda motokari.

Motokari inayobeba samaki wetu kutoka ufukweni mpaka vijiji vya njia ya Nyunzu ni Land Cruiser ya esansi, ya zamani sana, iliyotengenezwa kabla Toyota haijaleta mfano wa 70 mwaka 1984. Injini bado ina nguvu. Kilichokufa ni bomba la moshi. Kutu ililitoboa chini ya sakafu, kisha mashimo ya barabara yakamaliza kazi. Sote tulizoea kelele zake, hata watu wa sokoni walijua tunafika kabla hawajatuona.

Lakini siku moja watoto wawili waliolala nyuma, chini ya turubai, walishushwa wakitapika na kulia kichwa. Mama aliyekaa karibu nao alikuwa na kizunguzungu. Dereva alisema ni malaria. Mama zao waliwashika mwili: hakuna homa. Kituo cha afya kilipima damu, malaria haikuonekana. Walipokaa saa chache penye upepo wa ziwa, wakaanza kuomba chakula.

Ulikuwa ni moshi. Ndani yake kuna hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, na inaingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anatapika, anasinzia, na akiendelea kuivuta anaweza kufa usingizini. Tunaomba kila mzazi ashike alama hizi: wanaougua ni watu kadhaa pamoja, ndani ya motokari moja au nyumba moja yenye jenereta, bila homa, na wanapata nafuu wakitolewa nje. Watoe kwanza, kisha wapeleke kwa muganga hata kama wameamka.

Turubai lilizidisha mambo. Motokari ikikimbia, upepo huzunguka nyuma na kurudisha moshi ndani, hasa nyuma pakiwa wazi na mbele pamefungwa.

Bomba jipya la mfano ule wa zamani halipatikani Kalemie, na kuliagiza mbali ni kungoja na kulipa. Basi tulimfuata fundi mchomeaji mmoja, tukamwomba alitengeneze kwa vyuma vikuukuu. Tulikaa garajini siku tatu kwa zamu, na tuliona mengi.

Vipande alivitoa kwenye magari yaliyokufa: kona za bomba la Land Rover, mabomba mawili yaliyonyooka ya lori, na mtungi mtupu wa kuzimia moto wa kuwa tumbo la kuzuia kelele. Kipande kimoja kilifanana na bomba la reli, naye akakikataa mbele yetu. Tulimpenda kwa hilo. Chuma cha reli iliyofika hapa mwaka 1915 kisiishie chini ya motokari ya samaki.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima. Bomba likiwa jembamba kuliko la kwanza, injini inabanwa, inapata joto na kunywa esansi nyingi. Likiwa pana mno, kelele inaongezeka. Kisha akasafisha, na hapo tuliwaondoa watoto. Zamani esansi ilitiwa madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliyaacha kufikia mwaka 2006. Masizi ya bomba la zamani yanaweza kuwa bado nayo, na risasi inaharibu akili ya mtoto. Fundi aliyalowanisha kwa maji badala ya kuyagonga makavu, akayafukia, akanawa mikono kabla ya kula. Mabomba yaliyopakwa zinki aliyaweka kando, maana yakichomewa moshi wake unaleta homa na kutetemeka.

Kona moja haikupatikana. Alijaza bomba mchanga uliokaangwa mpaka ukakauka kabisa, akaziba ncha kwa miti, akalitia katika makaa mpaka likawa jekundu, akalikunja polepole. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Ukiwa na maji, mvuke unaweza kurusha kizibo kama risasi ya bunduki, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kusimama mbele ya ncha.

Ndani ya mtungi, baada ya kuhakikisha hauna presha, alipitisha bomba lenye matundu mengi madogo, akalizungushia nyuzi za chuma kutoka kwa mchongaji. Sauti inapita matunduni na kupotelea humo. Chini kabisa alitoboa tundu moja dogo, kwa sababu moshi ukipoa unaacha maji, na maji yakilala ndani yanaleta kutu. Tundu hilo liko nyuma kabisa, nje ya sakafu ya watu. Kwa kuning'iniza alikata mikanda ya tairi kuukuu. Bomba linacheza bila kupasuka.

Mwisho aliwasha injini, akaziba ncha ya nyuma kidogo kwa kitambaa kilicholowa, akapaka povu la sabuni kwenye maungio yaliyokuwa bado baridi. Povu lilichemka mahali pawili. Akazima, akachomea tena.

Ncha ya bomba sasa inatokeza nyuma kupita bodi, ikielekea pembeni. Turubai tunalifunga juu tu, pembeni wazi, na watoto wanakaa mbele. Fundi ametuagiza turudi baada ya juma moja akaze parafujo, kwa maana joto linazilegeza. Dereva anasema hapana haja. Mtunza sanduku ameshaweka kando franka za kazi hiyo, na ufunguo wa motokari anao yeye.